Kabla Hujamkabidhi Mwanao kwa Mlezi wa Mradi

Mzazi wa Kibakwe akienda mnadani kununua mbuzi humfunua midomo akakagua meno, humpapasa mgongo, huuliza ametoka zizi la nani. Mzazi huyohuyo akiletewa na mwanawe wa kidato cha pili fomu ya programu ya vijana, huitia sahihi akiwa amesimama mlangoni, bila kuuliza hata jina la mtu atakayekaa na mtoto huyo kila Jumamosi. Sababu yake inaeleweka. Fomu imekuja na gari la mradi, mkuu wa shule ameshasema ni jambo jema, na hakuna anayetaka kuonekana anazuia msaada. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mzazi huyo, na kwa babu, shangazi au kaka mkubwa aliyeachiwa watoto.

Ninazungumzia programu rasmi za ulezi wa vijana. Shirika, shule, kanisa au msikiti humchagua mtu mzima, au kijana aliyetangulia kidogo, humkabidhi kijana mmoja au kikundi kidogo, nao hukutana kwa ratiba kwa muda unaojulikana. Kuongea masomo, kuongea maisha, kufundishana kazi, kusikilizana. Semina ya siku moja yenye fulana na soda haimo humu. Hiyo ni semina, haina ubaya, lakini haimlei mtu.

Kibakwe ninayoisema ni ya wilaya ya Mpwapwa, ukanda unaopakana na milima ya Rubeho. Si Kibaigwa ya Kongwa yenye soko la mahindi, ingawa majina haya huchanganywa kila siku. Huku mvua ni msimu mmoja, takribani kati ya Desemba na Aprili, na msimu huo ndio unaoamua nani yuko shambani, nani yuko darasani na nani ana nauli. Baadhi ya wanafunzi wa sekondari za kata hutoka vijiji vya mbali, hupanga chumba karibu na shule na kujipikia, wakiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano. Wengine huacha shule wakaenda Dodoma mjini au Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, kuendesha bodaboda au kubeba mizigo sokoni. Kijana wa aina hii akipata mtu mzima mmoja mwenye busara nje ya nyumba yao, mtu anayejua jina lake na anayerudi, anaweza kubaki kwenye mstari. Akipata asiyefaa, ni afadhali asingepata kabisa.

Sentensi hiyo ya mwisho si ukali wa mwandishi. Ina ushahidi, na mwingine umetoka hapahapa Afrika Mashariki.

Shirika la BRAC, lililoanzia Bangladesh, liliendesha Uganda klabu za wasichana zilizoongozwa na walezi wa kike waliowazidi wasichana hao umri kidogo. Wasichana walifundishwa stadi za maisha na kazi za mikono, nje ya saa za shule. Watafiti waliofuatilia vijiji vyenye klabu na visivyo na klabu walikuta kwamba baada ya miaka minne mimba za utotoni zilikuwa zimepungua kwa takribani theluthi moja, na ndoa za mapema zilipungua pia. Programu hiyohiyo, kwa jina lilelile, ikaletwa Tanzania. Utafiti uliochapishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 haukuona badiliko la maana katika mambo mengi yaliyopimwa, isipokuwa upande wa kuweka akiba. Watafiti walielekeza kidole kwenye utekelezaji: huku kwetu rasilimali zilikuwa finyu. Kwa hiyo mtu akikuambia "programu hii imefanya vizuri Uganda" au "imefanikiwa Iringa", amekueleza habari za Uganda na za Iringa. Wewe unahitaji kujua itakavyoendeshwa Kibakwe: nani atakuwepo, wapi, na kwa fedha za miaka mingapi.

Ushahidi mchungu zaidi unatoka Marekani. Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville jimboni Massachusetts, ulianza mradi wa kuwasaidia wavulana wadogo wasiingie kwenye uhalifu. Nusu yao walipewa washauri waliowatembelea nyumbani, wakawasaidia masomo na kuwapeleka kambi za likizo kwa wastani wa miaka mitano. Nusu nyingine hawakupewa kitu. Miaka thelathini baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta wote, na mwaka 1978 akachapisha alichokikuta: waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi katika baadhi ya mambo, yakiwemo ulevi na magonjwa ya akili. Hata hivyo karibu theluthi mbili yao walisema mradi uliwafaa. Kumbe mtoto anaweza kuupenda mradi unaomharibia. Ndiyo maana kumuuliza mwanao "unapapenda?" ni swali zuri lisilotosha.

Muda ndio kipimo cha kwanza

Ukiniambia niulize swali moja tu, nitauliza hili: mlezi huyu ameahidi kukaa na mwanangu muda gani, na ameahidi kwa nani?

Mwaka 2002 watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walichambua taarifa za vijana zaidi ya elfu moja wa Big Brothers Big Sisters, programu kongwe ya ulezi wa mtu mmoja kwa kijana mmoja nchini Marekani. Vijana waliokaa na mlezi wao mwaka mzima au zaidi ndio walionufaika zaidi. Walioachwa kabla ya miezi mitatu walirudi nyuma, hasa katika namna walivyojithamini. Ukifikiri, haishangazi. Kijana aliyekwisha kuachwa na baba, au aliyefiwa na mama, akiletewa mtu mpya anayemwahidi urafiki kisha akatoweka baada ya wiki nane, hasomi kwamba mradi umeishiwa fedha. Anasoma kwamba yeye hastahili kukaliwa naye.

Kwa hiyo kipimo changu ni mwaka mmoja wa masomo, angalau. Programu ya miezi mitatu yenye mlezi mmoja mmoja naiona ni ya kukataa kwa heshima, isipokuwa kama imejitambulisha waziwazi kuwa ni kozi: tutafundisha jambo fulani, tutamaliza tarehe fulani, hakuna atakayeitwa dada wala kaka yako.

Muulize pia mwenye mradi atafanyaje mlezi akihama, akiolewa au akipata ajira Dodoma mjini. Vijana wa kujitolea huhama, na hilo si kosa lao. Programu iliyojipanga itakuwa na jibu: kijana huambiwa mapema, hufanyika kikao cha kuagana, na mlezi mpya hutambulishwa na yule anayeondoka. Anayekujibu "hilo halitatokea" hajawahi kuendesha programu, au ameiendesha bila kuitazama.

Shirika la CAMFED, lililoanza kazi Tanzania mwaka 2005, limelijibu suala hili kwa namna inayofaa kuigwa. Wasichana waliomaliza sekondari hurudi kwenye shule za maeneo yao kuwa waongozaji wa wanafunzi, wakiendesha vipindi vya stadi za maisha na kufuatilia watoto wanaoanza kukosa shule. Hawalipwi mshahara. Wanaweza kukopa bila riba kwa ajili ya biashara zao, na kazi yao huwapatia cheti kinachotambulika. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba mwongozaji ana sababu ya kubaki, anaishi jirani, na wazazi wanamjua kwao. Programu inayomleta mlezi kutoka Dar es Salaam kwa posho ya safari, posho ikikatika, mlezi naye amekwenda.

Karatasi, na karatasi zinapoishia

Mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya Sheria ya mwaka 2002, kwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa, na usajili uko chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii. Taasisi za dini na vyama vya kijamii vina usajili wao. Wewe huhitaji kuwa mwanasheria. Ulizia cheti cha usajili, kisha ulizia barua ya utambulisho ya Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Mpwapwa, na uhakikishe Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Kijiji wana nakala. Kama kazi itafanyika shuleni, Afisa Elimu awe anajua. Ukiwa na shaka, ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kukueleza kama shirika hilo linafahamika.

Kuuliza si ukosefu wa adabu. Ukipenda, sema hivi: "Karibuni sana wanangu, kazi yenu ni njema. Kabla sijatia sahihi naomba kuona barua ya halmashauri, halafu naomba namba ya kiongozi wenu, si ya mlezi." Mtu safi atakuonyesha bila kununa.

Lakini karatasi huthibitisha shirika. Hazimthibitishi mtu. Hapa ndipo wengi wetu tunalegea, hasa mtu huyo akiwa mchungaji, ustaadhi, mwalimu mstaafu au mtoto wa jirani. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Soma tena hesabu ya wavulana, maana huku kwetu tukisikia ulinzi wa mtoto tunafikiri binti peke yake. Nafasi ya ulezi humpa mtu mzima kile ambacho mwenye nia mbaya hukitafuta: faragha na mtoto, imani ya wazazi, na zawadi zisizoulizwa.

Uliza walezi walichujwaje. Usaili wa ana kwa ana? Wadhamini wawili waliopigiwa simu kweli, si majina tu kwenye fomu? Hati ya polisi ya tabia njema, inayotolewa baada ya kukaguliwa alama za vidole? Hati hiyo ni nzuri, ila ikumbukwe kwamba mashauri mengi ya aina hii humalizwa kifamilia kwa fidia na hayafiki mahakamani, hivyo mtu anaweza kuwa na hati safi na mikono michafu. Wadhamini wa mahali alipofanya kazi kabla ya hapo wana thamani kubwa kuliko mhuri.

Kisha omba kuona kanuni zao za ulinzi wa mtoto, kwa Kiswahili, zikiwa zimesainiwa na kila mlezi. Zisizokosekana kwenye kanuni hizo ni chache. Vikao viwe mahali ambapo watu wengine wanaona: darasa lenye mlango wazi, ukumbi wa kijiji, chini ya mti uwanjani, kamwe si chumbani kwa mlezi wala kwenye chumba alichopanga mwanafunzi. Mlezi asimpakie kijana peke yake kwenye pikipiki. Fedha, simu na zawadi zipitie kwenye programu na mzazi ajue. Ujumbe wa usiku kwenye WhatsApp usiwepo. Siri ziheshimiwe, lakini mlezi awaeleze vijana mapema kwamba habari za kudhurika hazitabaki siri. Mlezi anayesema "haya tuyaache kati yetu, mama asijue" ameshajieleza.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Katika utaratibu wa kawaida unaanza na ofisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Iko pia simu ya msaada kwa watoto, namba 116. Programu iliyo sawa itakuwa imebandika namba hizo ukutani na kuwafundisha vijana kuzitumia, hata dhidi ya walezi wao wenyewe.

Jambo dogo linalosahaulika ni picha. Kila mradi hupenda picha za watoto wakitabasamu, kwa ajili ya wafadhili. Tangu Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na mzazi ana haki ya kuuliza picha na habari za mwanawe zitakwenda wapi. Fomu inayounganisha ridhaa ya kushiriki na ridhaa ya kupigwa picha ikatwe sehemu mbili. Mtoto asinyimwe nafasi kwa sababu mzazi amekataa picha, hasa picha yenye maelezo ya aina ya "yatima wa kijiji fulani".

Nani anamtazama mlezi

Mafunzo ya kuanzia yapo karibu kila mahali siku hizi, siku mbili tatu hotelini, na huisha kwa cheti. Ningependa zaidi kujua kinachotokea mwezi wa tano. Kuna msimamizi anayekutana na mlezi kila mwezi? Anamuuliza kijana naye, faraghani, mambo yanakwendaje? Anampigia mzazi, au hadi liharibike jambo? Mlezi mzuri hukutana na mazito yanayomzidi: binti mjamzito, mvulana anayevuta bangi, mtoto anayepigwa nyumbani. Bila msimamizi, ama atajifanya daktari na hakimu, ama atakimbia.

Binti akipata ujauzito, kwa mfano, mlezi anapaswa kujua kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu hiyo kurudi katika mfumo rasmi ndani ya miaka miwili. Mlezi asiyelijua hilo mwaka huu, huku akilipwa posho ya kushauri wasichana, msimamizi wake amelala.

Kuhusu kumpanga mlezi na kijana nina maneno machache. Jinsia na umri vizingatiwe, lugha pia, maana mtoto wa Kigogo mwenye jambo zito huweza kulianza kwa Kigogo kabla halijafika kwenye Kiswahili. Zaidi ya hapo, wapatane mambo wanayoyapenda. Fundi cherehani na binti anayetaka kushona watapata la kuzungumza hata siku ambayo hakuna la kuzungumza. Kijana awe na haki ya kuomba abadilishiwe mlezi bila kuhojiwa kama mshtakiwa.

Ratiba nayo ni kipimo cha kama waandaaji wanaijua Kibakwe. Programu iliyopanga vikao vya saa kumi na moja jioni Januari, vijana wakiwa wametoka shule na palizi inawangoja, imepangwa na mtu asiyeshika jembe. Nani anamsindikiza binti kurudi kijiji cha mbali giza likiingia? Mto ukijaa, kikao kinahamia wapi? Likizo ya Juni itatumikaje? Waandaaji wakikujibu haya kabla hujamaliza kuuliza, waamini kidogo zaidi.

Ukishakubali

Sahihi haifungi mlango. Hudhuria kikao cha kwanza, ukae nyuma, usikilize. Jua jina kamili la mlezi na kwao. Baada ya miezi miwili mitatu angalia mambo yanayoonekana: mahudhurio shuleni, usingizi, kama anataja jina la mlezi kwa kawaida au analikwepa, kama ana vitu vipya asivyoweza kueleza vilikotoka. Kijana anayeanza kukubishia kidogo nyumbani huenda anajifunza kujieleza. Usikimbilie kumtoa kwa sababu hiyo. Aliyenyamaza ghafla ndiye wa kumwita pembeni, taratibu, akiwa na mtu anayemwamini.

Kama hakuna programu yoyote karibu nawe, usidhani umekosa kila kitu. Skauti na Girl Guides wana taratibu zao za viongozi na ahadi, makanisa na madrasa yana vikundi vya vijana, na shuleni kuna mwalimu wa ushauri na unasihi. Vigezo ni vilevile: mtu anayejulikana, mahali pa wazi, muda wa kutosha, mtu mwingine anayemtazama. Wazazi kumi wa kijiji kimoja wakiwa na wastaafu wawili waaminifu na ofisa maendeleo ya jamii wa kata wanaweza kuanza jambo dogo la vijana wanane, likadumu miaka mitatu bila gari wala fulana. Mimi ningelichagua hilo.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Omba ajenda ijayo iwe na nafasi ya programu zote za vijana zilizopo kijijini zijitambulishe mbele ya wananchi: nani, kwa muda gani, nani anazisimamia, malalamiko yapelekwe wapi. Na kabla ya kikao cha kwanza cha mwanao, hakikisha ameikariri namba 116. Kupiga ni bure.